Mashine ya Baridi Haifunguliwi

Usiku ule nililala mapema, kwani asubuhi yake nilikuwa nimepanga kuua. Msishtuke. Nilichopanga kuua ni kompyuta ya mezani, kuukuu, iliyokuwa chini ya meza yangu ya kazi wiki tatu nzima, imefunikwa kitenge cha mwenyewe. Lakini nia niliyokwenda nayo kitandani ilikuwa nia ya muuaji hasa. Nilijijua hivyo, nikavuta blanketi, nikalala.

Kompyuta hiyo ilikuwa ya marehemu mwalimu wangu, Mzee Mligo, aliyenifundisha ufundi wa kompyuta hapa Njombe kuanzia namna ya kushika bisibisi. Mimi nilimwita Mwalimu tu. Alipofariki, mjane wake, Mama Tumaini, aliiacha chumbani miezi kadhaa, kisha siku moja akaingia nayo karakanani kwangu akiwa ameibeba mgongoni kwa kitenge, kama anayempeleka mtoto kliniki.

"Kamwene, Edina," akanisalimu, akaitua mezani kwa uangalifu. "Hili sanduku la mzee wako linaumwa. Ukiliwasha linasaga kama mashine ya mahindi, halafu linazima lenyewe."

Niliiwasha, nikasikia. Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta, na juu ya prosesa hukaa kipoza joto, yaani bonge la chuma lenye mapezi membamba na feni yake. Feni ya hii ilikuwa imekwisha. Feni ikichoka, prosesa inachemka, na mashine inajizima ili isiungue. Tiba ni kubadilisha kipoza joto chote. Ni kazi ya saa moja, na ukipiga soga ni saa moja na nusu.

"Unaihitaji kwa kazi gani, Mama?" nikamuuliza.

"Nataka kujua alikuwa anafanya nini nayo. Miezi minne ya mwisho alijifungia nayo chumba cha nyuma. Mimi na yeye tulikuwa hatuzungumzi, unajua. Labda aliandika neno."

Nikamwambia nitaagiza kipoza joto Dar es Salaam, na kweli niliagiza, kikaja kwa basi baada ya siku nne. Nikakiweka rafu ya juu kabisa, nyuma ya makasha matupu, na kila Mama Tumaini alipopita kuulizia nilimwambia bado hakijafika. Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa na urefu wa mwaka na ushee, na nilikuwa bado naitembea.

Ilianzia kwenye kituo kimoja cha afya, mbali na mjini, kwenye maabara. Walikuwa na kompyuta kongwe iliyoendesha mashine ya kupima damu, na programu yake haikukubali kompyuta nyingine yoyote. Mwalimu ndiye aliyeitunza. Siku feni yake ilipokufa, yeye alikuwa msibani Makete, akanituma mimi. Nilikuwa na miezi mitano tu kazini. Nikafika, nikafungua, nikatoa kipoza joto cha zamani, ndipo nikakumbuka kwamba sikubeba pesti. Pesti ni dawa ya kijivu tunayopaka kati ya prosesa na kipoza joto ili joto lipite. Bila hiyo hakuna kazi. Kurudi mjini na kuja tena ilikuwa siku nzima, na wagonjwa walikuwa kwenye benchi.

Sasa kuna uganga wa vijiweni ambao kila fundi ameusikia: ukikosa pesti, paka dawa ya meno. Na kweli inafanya kazi, kwa siku chache. Mwalimu alikuwa ametukataza kwa ukali. Mimi nilikuwa na dawa yangu ya meno kwenye begi. Nikapaka, nikafunga, mashine ikawaka vizuri, nikaagwa kwa shukrani na ndizi mbivu. Nikajiambia wiki ijayo nitarudi niisafishe. Sikurudi.

Dawa ya meno ikakauka ikawa chokaa. Asubuhi moja, benchi limejaa, ile kompyuta ikazima, ikawashwa ikazima tena, halafu ikagoma kabisa. Tuliitwa wote wawili, Mwalimu na mimi. Mhudumu wa maabara aliyenipokea siku ile alikuwa ameshahamishwa, na kituoni kazi zetu zote ziliandikwa kwa jina la Mwalimu. Mganga mfawidhi, yule msimamizi wa kituo, alitaka ifunguliwe mbele ya macho yake. Mwalimu aliponyanyua kipoza joto, harufu ya mnanaa ilijaa maabara. Muuguzi mmoja akasema, jamani, inanukia kama mtoto anayekwenda shule. Watu wakaangua kicheko.

"Nani alipaka hii?" akauliza mganga mfawidhi.

Nilitazama sakafu. Nakumbuka kigae kimoja kilikuwa na ufa, na nikaufuata ufa ule kwa macho mpaka ukutani.

"Mimi," akasema Mwalimu.

Basi. Alizuiwa kukanyaga pale, na habari ikamtangulia kwenye kila ofisi aliyokuwa akiihudumia. Mji wetu ni mdogo na una ulimi mrefu. Wakambatiza Fundi Mswaki. Wauza viazi sokoni wakamgeukia mkewe, wakawa wanamwita Mama Mswaki, yeye kiongozi wa akina mama kanisani, mtu wa kusimama mbele na kuomba. Akamuuliza mumewe kama ni kweli aliipaka dawa ya meno mashine ya wagonjwa. Akajibu ni kweli. Siku hiyo Mama Tumaini alimwambia amemvua nguo sokoni, na hakumsemesha tena. Alimpakulia chakula, akakifunika, akakiweka sakafuni mlangoni pa chumba cha nyuma. Kifua kilimchukua Mwalimu katikati ya baridi kali, humo humo chumbani, kabla hawajapatana.

Na mimi je? Mimi nilisaidia kubeba viti vya msiba. Nililia sana, watu wakasema, tazama jinsi mwanafunzi alivyompenda mwalimu wake.

Kwa hiyo mjane aliponiambia labda aliandika neno, nilielewa neno gani. Nikatafuta namna ya kulizima, nikaipata katika mafundisho ya Mwalimu mwenyewe. Huku kwetu kwenye baridi, pesti iliyozeeka hushika kama gundi. Ukikivuta kipoza joto mashine ikiwa baridi, kinaing'oa prosesa kwenye kitako chake, na vile vimiguu vyake vyembamba vinapinda na kukatika. Ndiyo maana Mwalimu hakufungua mashine yoyote bila kuiwasha kwanza. Aliiwasha, akamimina chai kwenye vikombe viwili, akakaa. Wateja walinung'unika, fundi gani huyu anaanza na chai? Yeye aliwajibu, mashine ya baridi haifunguliwi. Ikishapata joto ndipo alipokizungusha kipoza joto taratibu, kidogo kulia, kidogo kushoto, mpaka kikaachia chenyewe.

Mimi ningeivuta baridi. Ningemwambia, pole Mama, imekufa, hakuna kinachotoka humu tena. Asingejua kwamba maandishi hukaa kwenye diski, si kwenye prosesa. Nani angemwambia, kama si mimi?

Ndivyo nilivyolala.

Katika ndoto ilikuwa mchana. Nilikuwa karakanani, mlango uko wazi, na ukungu ulikuwa umeingia ndani mpaka chini ya meza, nikawa siioni miguu yangu. Kompyuta ya Mwalimu ilikuwa mbele yangu, imefunguliwa ubavu. Mikono yangu yote miwili ilikuwa imekishika kipoza joto. Nilikuwa nimeshavuta pumzi ya kuking'oa.

"Ina joto?"

Sauti ilitoka nyuma yangu. Niligeuka. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake, kile chenye mguu uliofungwa waya, amevaa suti tuliyomzika nayo. Penseli ilikuwa sikioni kama kawaida. Pamba tuliyomwekea puani ilikuwa bado upande mmoja, na kila alipovuta pumzi ilitikisika. Ajabu ni kwamba sikushangaa. Nilichokiona kibaya ni mimi kukutwa na mikono mle ndani.

"Shikamoo, Mwalimu," nikasema.

Hakuitikia. Mzee ambaye hajawahi kuniacha na shikamoo yangu hewani hata siku tuliyogombana, alinitazama tu, na shikamoo ikabaki pale kati yetu haina pa kwenda. Hapo ndipo nilipoogopa.

Anachukua chupa ya chai. Anamimina kwenye vikombe viwili vya bati. Hakuna mvuke. Ananipa kimoja, nakipokea kwa mikono miwili, nacho ni baridi kama maji ya mtoni alfajiri.

"Ina joto?" anauliza tena, akiangalia mashine.

Nakigusa kipoza joto. "Haina, Mwalimu."

"Tusubiri basi."

Tunasubiri. Naona waya wa umeme unaning'inia chini ya meza, haujachomekwa popote, na najua mashine hii haitapata joto hata tukae hapa mpaka kiyama. Yeye pia anauona. Anakunywa chai yake ya baridi taratibu, na mimi nakunywa yangu, na kila ninapofika chini ya kikombe nakikuta kimejaa.

Ninapoinua macho mlango si wa karakana. Ni mlango wa maabara, na nje yake lile benchi limejaa watu, kila mmoja ameminya kipande cha pamba mkononi pale alipotolewa damu. Wananitazama. Mganga mfawidhi amesimama dirishani, amenipa mgongo. Mwalimu anainuka, anainama juu ya mashine, ananyanyua kipoza joto kwa mkono mmoja, na chini yake kumejaa dawa ya meno, nyeupe, mbichi, kama vile nimeipaka sasa hivi. Harufu inanipanda mpaka machoni.

"Nani alipaka hii?"

Safari hii haulizi mganga mfawidhi. Anauliza Mwalimu, na ananiuliza mimi.

Nataka kusema. Naapa nataka. Nafungua mdomo na mdomo umejaa povu. Povu la mnanaa, linatoka, linashuka kidevuni, linanidondokea kifuani. Natema kwenye viganja, linakuja jingine. Watu wa kwenye benchi wanaanza kucheka, kicheko kile kile, na muuguzi anasema maneno yake yale yale kuhusu mtoto wa shule. Mwalimu hacheki. Ananisogezea kikombe nisukutue. Nasukutua, natema, mdomo unakuwa mtupu na safi, hakuna kinachonizuia tena.

"Wewe," nasema. "Uliipaka wewe, Mwalimu."

Nilijisikia nikisema hivyo. Katika maisha nilinyamaza. Katika ndoto nilimsingizia usoni. Nilitamani sakafu ipasuke pale pale kwenye ule ufa. Yeye aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyeletewa habari anayoijua, akaweka kipoza joto chini, akatoka.

Namfuata. Ukumbi wa maabara unakuwa ukumbi wa nyumba yake, ule mwembamba wenye kalenda za kanisa ukutani. Sakafuni kuna sahani ya ugali iliyofunikwa kwa sahani nyingine. Naivuka. Kuna nyingine. Naivuka hiyo nayo, na mbele kuna nyingine, na nyingine, ukumbi mzima umepangwa sahani zilizofunikwa, hakuna hata moja iliyoguswa, na mimi natembea kwa ncha za vidole nikiogopa kuzipiga teke. Zinanuka chakula kilicholala. Ukumbi ule ni hatua sita, nimeupita mara nyingi nikiwa macho, lakini katika ndoto nilitembea mpaka magoti yakaniuma.

Mwishoni kuna mlango wa chumba cha nyuma. Ndani feni inasaga.

Naingia. Mwalimu amekaa mbele ya kompyuta, amejifunika blanketi mabegani, amenipa mgongo, anakohoa, na kila kikohozi kinamkunja. Najikaza nitazame kioo. Hiki ndicho nilichokiogopa wiki tatu. Nikatazama, na kioo ni cheupe. Hakuna herufi hata moja. Kuna kile kijistari cha kuandikia tu, kinawaka na kuzima, kinawaka na kuzima.

"Mwalimu, umeandika nini humu?"

"Hakuna."

"Miezi minne yote?"

"Nilikuwa nakusubiri wewe."

Nilipolisikia hilo nilikumbuka kitu ambacho nikiwa macho sikuwahi kukikumbuka. Baada ya siku ile ya maabara, chai yake ilirefuka. Kazi chache tulizobakiwa nazo, aliwasha mashine, akamimina vikombe viwili, na mashine ikishapata joto hakuinuka. Alikaa. Aliongeza kikombe cha pili, akaniangalia, akatazama mlango, akaniangalia. Mimi nilidhani uzee unamlegeza. Nilikuwa naharakisha kunywa, nasema, Mwalimu, imeshapata joto sasa, tuanze. Naye alikuwa anasema, haya, tuanze. Mara ngapi? Sijui. Kila mara alinipa robo saa, na kila mara nilimrudishia.

Nikapiga magoti kwenye saruji. Sikuwa na machozi, kwenye ndoto hayakuja.

"Lile neno la maabara, 'mimi', nilikuazima tu, Edina," akasema, bado amenipa mgongo. "Lirudishe."

"Nilirudishe kwako?"

"Mimi nina kazi gani nalo?"

Nyuma ya ukuta nasikia mtu anaosha vyombo. Sahani inagonga sahani, maji yanamwagwa, mtu anavuta pumzi ndefu ya uchovu. Ni Mama Tumaini. Ukuta ule ni mwembamba, kikohozi cha upande huu kinasikika upande ule. Nawaza kwamba miezi minne alikuwa akikisikia, na nawaza kwamba alikuwa amejizuia kumwendea kwa sababu yangu.

"Atanichukia," nasema.

"Atakuchukia."

Nilisubiri aongeze. Mwalimu niliyemjua angetafuta neno la kunipoza, alikuwa na maneno hayo mengi. Huyu hakuwa nalo hata moja.

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa baridi kama kile kikombe. Akaushusha mkono wangu ndani ya mashine, akauweka juu ya kipoza joto, na mara ile chuma kikawa cha moto, moto wa kuunguza, nikataka kuuondoa mkono naye ameukandamiza pale pale.

"Sasa ina joto," akasema. "Zungusha. Usivute."

Nikazungusha. Sijui kama kiliachia. Nilipoinua uso alikuwa amesimama mlangoni, blanketi limebaki kwenye kiti, suti imekunjamana mgongoni. Akavuka sahani ya kwanza. Bila kugeuka akasema:

"Marahaba."

Niliamka nimekaa kitandani, mkono nimeukumbatia kifuani kama ulioungua kweli. Mabati yalikuwa yanadondosha umande. Kwa jirani kulikuwa na jogoo na redio. Nilisema "Mwalimu" kwa sauti mara moja, ili nione kama mdomo wangu unafanya kazi.

Nilikwenda bafuni, nikaikuta dawa ya meno kwenye kikombe chake. Sikuweza kuigusa. Nilisukutua kwa maji matupu, nikavaa sweta mbili, nikaenda karakanani. Nikakiteremsha kipoza joto kipya kutoka nyuma ya makasha, nikakitia begini pamoja na bisibisi, spiriti na kitambaa, na pesti ya kijivu, ambayo niliikagua mara tatu. Halafu nikaichukua kompyuta ya Mwalimu, nikaiweka mgongoni, nikaifunga kwa kile kitenge. Kuna waliocheka njiani. Mmoja akaniuliza mtoto ni wa kike au wa kiume. Siku nyingine ningemjibu akanyamaza wiki nzima.

Mama Tumaini alinifungulia akiwa na unga mikononi.

"Kumbe kimefika!" akasema.

"Kimefika zamani, Mama," nikasema, na huo ulikuwa mwanzo, lakini yeye alishageuka kuondoa vitu mezani, nadhani hakulitilia maanani.

Niliitua mezani sebuleni, nikachomeka waya, nikaiwasha. Ikaanza kusaga. Ilikuwa kelele hasa, mpaka vikombe kabatini vilikuwa vinalia. Mama Tumaini alisimama akinisubiri nishike bisibisi, akaona nimekaa.

"Mbona hufungui?"

"Tunaisubiri ipate joto."

"Na yeye alikuwa hivyo hivyo," akasema. Akaenda jikoni, akarudi na chai, vikombe viwili, na hii ilikuwa na mvuke. Akaketi mbele yangu. Alikuwa amekonda tangu msiba, kilemba kilikuwa kikubwa kuliko uso.

Nilitazama mlango. Nilitazama kikombe. Feni ilikuwa inasaga, inasaga, na mimi nikafanya hesabu ya mwoga: nikalisema neno humo humo ndani ya kelele, kwa sauti ya chini, nikiwa nimeinamia chai.

"Ile dawa ya meno niliipaka mimi."

Akainua nyusi, akasogeza sikio. Nikatikisa kichwa kama aliyesema jambo la kawaida, kuhusu baridi, kuhusu sukari. Nilishasema, nikajiambia. Nimelirudisha.

Mashine ikazima.

Ilijizima yenyewe kwa joto, kama ilivyokuwa ikijizima siku zote. Feni ikapunguza, ikapunguza, ikakaa. Sijawahi kusikia nyumba iliyo kimya kama ile. Maji yalikuwa yanadondoka jikoni kwenye ndoo, nikayasikia tone kwa tone.

"Umesema nini, mwanangu?" akauliza Mama Tumaini.

Nikaweka kikombe mezani. Nikamtazama machoni.

"Ile dawa ya meno ya kituo cha afya niliipaka mimi, Mama. Mwalimu hakuwepo siku hiyo, alikuwa Makete msibani. Tulipoulizwa, mimi nilinyamaza, yeye akasema ni yeye. Hakuwahi kuipaka. Alikuwa ananikataza."

Hakupiga kelele. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele. Alikaa hivyo hivyo, mikono yenye unga mapajani, akautazama mlango wa ukumbini, ule unaokwenda chumba cha nyuma. Alitazama muda mrefu mpaka chai yake ikaacha kutoa mvuke.

"Alikuwa msibani Makete," akasema. "Nilimfungia chakula cha safari mimi mwenyewe." Kisha akasema, "Nilimuuliza, Edina. Nilimuuliza kwa mdomo wangu, akaniambia ni kweli. Amekula peke yake miezi minne."

Nililia, naye hakulia, na hakuniambia ninyamaze.

"Fungua," akasema mwishowe. "Fungua uondoke."

Nikainuka. Nikalegeza skrubu nne. Kipoza joto kilikuwa cha moto, kikaniunguza vidole, nikakizungusha kidogo kulia, kidogo kushoto, na kikaachia bila kung'oa kitu. Prosesa ilibaki mahali pake. Juu yake kulikuwa na pesti ya Mwalimu, ya kijivu, nyembamba, imesambazwa mpaka kwenye kingo, haijamwagika hata tone nje. Ilikuwa kazi yake ile ile, safi kama ukurasa uliopigwa mstari.

Mama Tumaini alikuja akasimama kando yangu.

"Hiyo ndiyo aliyopaka yeye?"

"Ndiyo, Mama. Hii ni yake."

Alifuta unga kwenye khanga. Akanyoosha kidole, akaigusa ile dawa ya kijivu, akakipeleka puani. Akanusa. Akanusa tena, amefumba macho.

"Haina harufu," akasema.

Nilichukua kitambaa, nikakimiminia spiriti, nikainama niifute ili nipake mpya. Akanishika mkono, kwa nguvu, pale pale nilipoungua ndotoni.

"Acha kwanza," akasema. "Usiifute."